Ukuta Uliotoa Tumbo Siku ya Posa

Wenzangu wenye mabinti wachoraji, kabla hamjakaribisha wakwe, sikieni yaliyonikuta.

Kwetu Kirehe ukuta wa sebule tunaupamba kwa matuta ya mavi ya ng'ombe na majivu, yakikauka tunapaka rangi. Kila mtu anajua kwamba pakionekana pameinuka, pameinuka kweli. Sasa posa ya binti yangu Uwimbabazi ilikuwa imekaribia, na kwa mvua ile matuta yasingekauka. Akapaka rangi tupu, nyeusi na nyeupe. Mistari ya pembeni akaibananisha, ya katikati akaiachia nafasi, yote akaipinda kidogo. Ukuta ukatoa tumbo! Mimi mwenyewe nilianza kutafuta mti wa kuutegemeza.

"Mama, gusa," akaniambia huku anacheka. Nikagusa. Bapa kama meza.

Siku ya posa, shangazi wa bwana harusi, Nyirabagenzi, alifika mlangoni akaganda.

"Mimi hapo sikai. Mvua imeshaingia kwenye udongo huo, unatuangukia leo leo."

Msemaji wao, mzee Rwabukamba, ambaye mdomo wake hauna breki, akasema, "Hauanguki, shangazi. Una mimba tu. Tungoje ujifungue."

Wageni wakacheka. Upande wetu hakucheka mtu. Shemeji yangu Sebahire, msemaji wetu, akasimama.

"Mimba? Unakuja kuomba binti, halafu unataja mimba nyumbani kwake? Rudini na ng'ombe wenu. Hapa hakuna binti!"

Harusi ilikuwa inaondoka naiona. Na Uwimbabazi yuko nyuma ya pazia, maana kwetu bibi harusi haonekani wala hasemi mpaka atolewe.

Pazia likasema: "Shangazi, usiyaamini macho, gusa!"

"Nani huyo?" Sebahire akafoka.

"Hakuna mtu," nikadakia. "Si umesema mwenyewe hapa hakuna binti?"

Rwabukamba akainama kuficha kicheko. Nikamvuta Nyirabagenzi mkono, nikauweka ukutani. Akapapasa katikati, akapapasa pembeni, akafumba macho akapapasa tena.

"Jamani! Mkono unasema bapa. Nikifumbua macho, tumbo hili hapa!"

Sebahire naye akaja, akabandika shavu ukutani akachungulia kwa ubavu. Wageni wakapanga foleni kugusa.

"Mzee mwenzangu," Rwabukamba akasema, "mistari imenidanganya. Neno langu nalirudisha. Ukuta huu ni bikira."

"Kaa unywe," Sebahire akamjibu, sasa anacheka, "kabla hujaharibu tena."

Binti akaombwa upya, akatolewa, vigelegele mpaka barabarani.

Kwa hiyo nawaonya: mkipaka rangi tupu, mgeni aguse kwanza ndipo afungue mdomo. Na shangazi yule msimsikilize. Anataka achorewe shimo sakafuni, ili jirani yake anayeingia bila hodi aruke. Nimemkataza Uwimbabazi. Kiuno cha mtu kikivunjika, rangi haikiungi.