Wimbo Huu ni Wako

Mtu akisimama mbele ya mashine ya pasi ya hospitali kutwa nzima kwa miaka kumi na tisa, miguu yake huacha kuwa miguu. Hugeuka vitu viwili vilivyovimba ambavyo jioni inabidi aviburute mpaka nyumbani. Mama Pasi alikuwa na viwili vya namna hiyo. Kilichomfanya asimame, ukimuuliza, haukuwa mshahara. Ulikuwa waya mweusi uliotoka mfukoni mwa aproni ukaingia sikio la kushoto. Sikio la kulia aliliacha wazi kwa ajili ya msimamizi.

Alikuwa akisikiliza muziki. Tusiseme tu kwamba aliupenda, maana kila mtu anapenda muziki, hata msimamizi. Yeye alikuwa mgonjwa wake. Shuka ikiingia kwenye roli ya moto upande huu na kutoka upande wa pili imenyooka, yeye yumo ndani ya gitaa la besi, anatembea nalo hatua kwa hatua. Angeweza kukwambia ni wapi mpiga solo alikosea, kisha akaligeuza kosa lake kuwa pambo. Angekwambia dakika ambayo mpiga tumba alianza kuchoka. Jambo moja tu hangeweza kukwambia, nalo ni wimbo unasema nini. Maneno kwake yalikuwa kama kikohozi cha mtu wa chumba cha pili: unajua yupo, hushughuliki naye.

Lakini utamu ukiula peke yako hukwama kooni. Mama Pasi alijaribu kuwagawia watu. Wanawe, ambao sasa wana nyumba zao, walimjibu kwa picha ya kidole gumba bila kufungua wimbo. Kunja, mwenzake wa meza ya pili, ambaye kazi yake ndiyo jina lake, alisikiliza nusu dakika akarudisha waya. "Mwenzangu, mimi kichwa hiki kinanitosha," alisema. Akabaki msikilizaji mmoja duniani, naye ni wifi yake, mke wa kaka yake mkubwa.

Wifi ndiye aliyekuwa akimuuguza mama. Mama huyo alimzaa Mama Pasi na kaka yake, hakumzaa wifi. Lakini ugonjwa hauulizi nani kazaliwa na nani, unatazama nani yuko nyumbani. Ulikuwa mwaka wa nne bibi yule hajashuka kitandani. Wifi alimgeuza, alimwosha, alimlisha kwa kijiko cha chai. Na kila siku adhuhuri, Mama Pasi akikaa kupumzisha vile viwili vyake, alimtumia wimbo mmoja. Jioni jibu lilikuja: "Nimeusikia, wifi. Umenipa nguvu." Maneno manne tu, na Mama Pasi alilala usingizi wa mtu aliyeshiba.

Jumatatu moja alimtumia wimbo aliokuwa ameuhifadhi kwa miezi, kama mtu anavyomwekea mgeni kipande kizuri. Baada ya beti tatu za kawaida kabisa, solo linaingia polepole, linapanda, linaning'inia huko juu mpaka unasahau kupumua. Aliandika chini yake: "Sikiliza mpaka mwisho. Wimbo huu ni wako."

Jioni jibu halikuja. Jumanne halikuja. Alituma mwingine, nao ukakaa bila kufunguliwa. Kufikia Alhamisi alikuwa akitazama simu mara nyingi kuliko alivyotazama shuka, na shuka moja ikaungua pembeni, jambo ambalo halikuwa limemtokea tangu mwaka wake wa kwanza. Msimamizi alimtazama, akatikisa kichwa, akaenda zake. Ijumaa kaka mtu akapiga simu.

"Mke wangu anasema Jumapili usije."

"Kwa nini? Mama ana nini?"

"Mama hana kitu. Anasema ujumbe wako ameupata."

"Ujumbe gani, kaka? Mimi nimetuma wimbo."

"Ndio huo huo," alisema kaka, akakata. Alikuwa mtu wa kupitisha maneno kama bomba linavyopitisha maji, hakuwahi kuyaonja.

Mama Pasi alimwendea Kunja, safari hii hakumwomba, alimtia waya sikioni mwenyewe. Kunja alisikiliza huku mikono ikiendelea kukunja. Kiitikio kilipoingia, mikono ikasimama.

"Huu ulimtumia nani?"

"Wifi yangu."

"Yule anayemuuguza mama yako?"

"Ndiye."

Kunja alivuta kiti akakaa, kitu ambacho hakifanywi saa za kazi. "Mama Pasi, wewe huna masikio au huna akili? Sikiliza." Akamsomea maneno pole pole, kama anamsomea barua mtu asiyejua kusoma:

*Unamuuguza, au unamngojea?*
*Mto unautandika, jicho liko kwenye sanduku.*

Mama Pasi alikuwa ameusikia wimbo ule pengine mara mia mbili. Maneno yale aliyasikia siku hiyo kwa mara ya kwanza. "Na nikamwandikia ni wako," alisema. "Yaani anangoja mama afe, arithi sanduku," alisema Kunja. Watu wengine hutafuta tusi mwaka mzima wasipate lililonyooka hivyo.

Jumapili alikwenda hivyo hivyo, ingawa alikatazwa. Kaka hakuwepo. Mlango ulikuwa wazi, na wifi alikuwa chumbani kwa mama, ameketi kwenye kigoda kati ya kitanda na ukuta, mbele yake beseni la maji ya uvuguvugu. Bibi alikuwa amelala kwa ubavu, mgongo wazi, mwembamba kama wa mtoto. Chini ya shuka nailoni ya kukinga godoro ililia kila alipopumua. Chumba kilinuka sabuni na dawa ya kuchua.

"Karibu," alisema wifi. Ilikuwa ile karibu anayopewa mtu aliyekuja kusoma mita.

"Wifi, kuhusu ule wimbo."

"Niliusikia."

"Mimi sikuusikia."

Wifi aliacha kukamua kitambaa.

"Haki ya Mungu, nilisikia gitaa. Mimi maneno sisikilizi, wifi, sijawahi hata siku moja. Muulize mtu yeyote pale kazini. Kuna solo linaingia mwishoni, ndilo nililotaka ulisikie. Hayo mengine nimeyajua juzi, kwa kusomewa."

Wifi alimtazama. Alikuwa anamjua, na anayemjua Mama Pasi hawezi kukosa kuamini jambo kama hilo, kwa sababu hakuna mtu timamu angelitunga. Uso wake ukaanza kulegea. Mama Pasi akashusha pumzi, akaweka mkoba chini, akadhani yamekwisha.

"Na ule wa mwaka jana?" aliuliza wifi. "Mama alipotoka hospitali mara ya pili. Ule unaosema, *waliolala hawakuoni, lakini mimi nakuona.* Ule je?"

Mama Pasi aliukumbuka vizuri. Tumba mbili zinazosemezana, na saksafoni inachelewa kuingia makusudi. Alitafuta maneno hayo kichwani, hayakuwepo. Uongo ulikuwa tayari ulimini, mdogo, wa huruma, na ungewaponya wote wawili mle chumbani. Lakini alikuwa amechoka, na uongo nao unataka nguvu.

"Sikuyasikia," alisema.

"Na ule wa mkono unaotoa?"

"Wala huo."

"Kumbe," alisema wifi. Alirudisha kitambaa majini, akakiacha humo. "Miaka minne, wifi. Kaka yako hajaniambia ahsante hata kwa bahati mbaya. Nikawa nasema, si kitu, dada yake anajua. Kila siku ananitumia neno. Siku mgongo ukinikatika, neno linakuja. Siku nikitaka kufunga mizigo nirudi kwetu, linakuja. Nilikuwa nalia hapa na kitambaa mkononi, nasema, angalau mmoja ananiona. Kumbe nilikuwa najishukuru mwenyewe."

Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomuumiza Mama Pasi. Mtu mwenye hasira unaweza kumwomba radhi. Alitazama mgongo wa mama yake, ambao kwa miaka minne alikuja kuutazama mara moja kwa mwezi, akiwa na mfuko wa machungwa, akikaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa. Aliona aibu, na kwa kuwa ameshaanza kusema kweli, akaona amalizie.

"Naogopa chumba hiki," alisema. "Nikituma wimbo, naona kama nimekuja."

Wifi aliitikia kwa kichwa, kana kwamba hilo alilijua zamani. Kisha akasema, "Usinitumie tena."

"Wifi."

"Nakuomba. Nikiusikia nitaanza kutafuta maneno, na sasa nitajua si yangu."

Basi na msikilizaji wake pekee akawa amekwenda. Mama Pasi alifikiria nyimbo zilizokuwa zikisubiri zamu kwenye simu, moja ya Jumatatu, moja ya Jumanne, amezipanga kama shuka safi kabatini, na hakuna wa kutandikiwa. "Sawa," alisema.

"Kama una neno la kuniambia, mdomo unao."

Mdomo alikuwa nao. Lakini mdomo usiotumika hukaza kama bawaba. Aliketi sakafuni, kwa sababu miguu ilikataa, akaegemea kitanda cha mama yake. Hakukuwa na besi ya kumshika mkono wala tumba ya kumhesabia. Alianza, akakwama, akaanza tena.

"Umemtunza mama yangu," alisema. "Mimi nisingeweza. Nilikuachia kazi yangu na sikukwambia kitu. Ninakushukuru, na nimechelewa kukushukuru."

Sauti ilitoka mbaya, ya mikwaruzo. Wifi aliegemeza kichwa ukutani akafumba macho, mikono bado imo ndani ya beseni. Nailoni ililia mara mbili, tatu.

"Rudia," alisema wifi.

Mama Pasi akarudia, yote, kwa mpangilio ule ule. Wifi hakufumbua macho. "Rudia," alisema tena, kwa sauti ya chini zaidi.

Alipokuwa katikati ya mara ya tatu, kichwa cha wifi kililala upande mmoja na mdomo ukafunguka kidogo. Alikuwa amesinzia pale pale kigodani, mchana kweupe. Mama Pasi hakukatisha. Alisema maneno yaliyobaki, kisha akaitoa ile mikono majini, mmoja baada ya mwingine, akaikausha.