Adapta Iliyofunikwa

Mwanangu alipofariki aliacha vitu vitatu mezani kwake: laptopu, diski ya kuhifadhia mambo yake, na adapta. Adapta yenyewe ni kidude cha chuma, upana wa vidole vitatu, chenye matundu ubavuni. Laptopu ina tundu moja tu, kwa hiyo kila kitu kilipitia kwenye adapta: chaja, diski, spika, na simu ya mkwe wangu inayokula chaji kutwa.

Ndani ya diski kulikuwa na barua aliyoniachia. Hakuiandika, aliisema. Alijua mama yake anasoma herufi moja moja, kama anayechambua mchele. Aliisema akiwa kitandani, sauti imekwaruza, wiki ile ya mwisho.

Niliisikiliza mara kumi na moja bila kuimaliza.

Inaanza na salamu. Anamuulizia kila mtu, hadi paka. Kisha anasema, "Mama, ile siku uliyotufungia mlango..." Hapo alikuwa akikatika. Kioo kinaandika kwamba diski haionekani. Ukiigusa adapta, inaunguza.

Ile siku naijua. Alimleta mchumba bila kuniambia, nami nilikuwa nimeshamtafutia mwingine. Nikafunga mlango, nikatia komeo. Ilikuwa mchana, mvua inanyesha. Mchumba yule ndiye mkwe wangu, ndiye ninayekaa naye leo, na kwa miaka tisa hakuna kati yetu aliyeutaja mlango ule. Hata mwanangu hakuutaja, mpaka kwenye hiyo barua. Nilitaka kujua jambo moja tu: ameondoka na kinyongo, au alinisamehe?

"Mama, tusogeze mbele, turuke hizo salamu," mkwe wangu aliniambia.

"Umrukie mtu maneno yake? Angekuwa hai ungemrukia?"

"Alipokuwa hai nilikuwa namwambia afupishe."

Tukacheka, lakini sikukubali. Tukaanza mwanzo. Akakatika palepale.

Mara ya nane mkwe wangu alirudisha kiti nyuma. "Mama, mimi naogopa. Mbona ni neno lilelile? Labda hataki tusikie."

Kuna jambo nilikuwa simwambii. Asubuhi nikiingia kufagia chumba kile, mashine imezimwa, hakuna aliyekaa pale, nikiweka mkono juu ya adapta naikuta ina joto. Tena si joto la chuma. Ni joto la paji la uso. Ndivyo alivyokuwa yeye wiki ile: mwili unachemka, meno yanagongana kwa baridi, ananiambia, "Mama, nifunike." Nikawa namfunika. Kwa hiyo na adapta, hata kabla hatujaisikiliza barua mara ya kwanza, niliifumia kitambaa cha uzi wa sufu, kijani, tabaka mbili, kikaikaa kama soksi, matundu tu ndiyo yaliyobaki nje. Mkwe wangu alidhani nazuia vumbi, maana nyumba hii hata redio ina kitambaa chake.

Baada ya ile mara ya kumi na moja tukamwita fundi wa kompyuta, binti wa jirani, mdomo wake hauna breki. Akaitazama meza, akashika kiuno.

"Bibi, hiki umekivalisha sweta?"

"Kitambaa tu, mjukuu wangu."

"Wewe nawe ukivalishwa hili, ukabebeshwa mizigo minne, si utazimia? Hiki kidude kinapata joto hata laptopu ikiwa imezimwa, maadamu chaja iko ukutani. Sasa joto limekosa pa kutokea. Likizidi, kinakata diski. Na kwa kuwa mnaanza mwanzo kila mara, kinakata palepale. Mngeendelea hivi, siku moja diski ingekufa na kila kilichomo."

Kumbe nilikuwa namziba mdomo kwa mkono wangu mwenyewe.

Akaivua kitambaa, akachomoa simu na spika, akaiweka adapta juu ya kisosi kilichopinduliwa ili ipate hewa chini. "Ikipoa, sikilizeni. Mengine ni yenu," akasema, akaenda zake.

Tukangoja. Chai yetu nayo ikapoa.

Salamu. Paka. Mkwe wangu akanishika mkono.

"Mama, ile siku uliyotufungia mlango, sisi hatukuondoka. Tulikaa kizingitini mpaka mvua ilipokatika. Niliona kivuli cha miguu yako chini ya mlango. Ulisimama muda wote ule. Nikamwambia mwenzangu, huyu hajatufukuza, huyu ameshindwa tu kufungua. Basi mama, usijisumbue tena na mlango ule."

Akakohoa. Barua ikaisha.

"Hata mimi niliiona hiyo miguu," mkwe wangu akasema. "Ulivaa ndala za bluu."

Barua sasa iko kwenye flashi mbili, moja yangu, moja yake. Mkwe wangu alinunua adapta nyingine. Ile ya zamani iko rafuni, haijachomekwa popote, haina kitambaa.

Nikipita naiwekea mkono. Siku nyingi ni baridi, kama chuma chochote. Jana mchana ilikuwa na joto.

Mkwe wangu anasema ni jua la dirishani. Dirisha lile linatazama ukuta wa jirani.

Sikubishana naye. Wala sikuifunika. Nilivuta kiti, nikakaa, mkono juu yake, mpaka ilipopoa.