Wimbi Lililotoka Kushoto

"Usikae kwanza," fundi alimwambia mkewe. "Ngoja nipige picha kabla shuka halijakunjika."

Mkewe akabaki amesimama mlangoni, mkoba begani, mkono mmoja umeshika fremu. Chumba kilikuwa kidogo na safi: kitanda kimoja kipana, feni ya dari iliyozunguka kwa kulalamika, pazia jeupe lililotuna kila upepo ulipoingia kutoka baharini. Fundi alipiga kitanda, akapiga pazia, akapiga dirisha na bahari iliyojaa ndani yake. Kisha akaingia bafuni akapiga hata vipande viwili vya sabuni, vingali kwenye karatasi zake.

"Hata sabuni, Baba Pacha?"

"Watoto wamesema wanataka kuona kila kitu."

Watoto wenyewe walikuwa watu wazima, pacha wawili wenye nyumba zao, waliowalipia wazazi wao wiki moja ya mapumziko pwani. Hakuna aliyetaja sababu, ingawa wote wanne waliijua. Daktari wa macho alikuwa ameieleza polepole, kama mtu anayetua mzigo wa vyombo vya udongo: presha ya macho ya Mama Pacha ilikuwa imekwisha kuharibu mshipa wa ndani. Dawa zingeipunguza kasi tu. Kilichopotea kisingerudi, na kilichobaki kingefuata.

Mama Pacha alikuwa mshonaji. Ugonjwa ulimwanzia pembeni, ukawa unamnyang'anya dunia kutoka kingoni kuelekea katikati, kimya kimya, bila maumivu. Kwa muda mrefu alijigonga kwenye milango na kuilaumu milango. Alipokuja kushona mkono wa gauni juu ya kidole chake mwenyewe ndipo alipokubali kwenda kupimwa, na kwa wakati huo alikuwa akiona kama mtu anayechungulia kupitia bomba. "Kama kuna kitu unatamani kukiona," daktari alimwambia, "usikiahirishe." Pacha walipouliza mama yao anatamani kuona nini, fundi ndiye aliyejibu: bahari. Mama Pacha alikuwa akikausha vikombe. Hakupinga.

Fundi alikuwa mtengenezaji wa lifti. Maisha yake yote ya kazi yalikuwa ni kuitwa mahali palipokwama na kupaacha pakienda. Macho ya mkewe yalimshinda. Hayakuwa na kifuniko cha kufungua wala waya wa kukaza. Lakini simu mpya aliyopewa na pacha ilimtii. Alijifunza kuvuta kilicho mbali, kupunguza mwanga, kushika mkono usitikisike. Alipiga minazi, alipiga nyayo za kaa mchangani, alipiga sahani ya samaki kabla haijaguswa, mkewe akimsubiri huku chakula kikipoa. Jioni alizituma zote, na pacha wakajibu kwa furaha. Mmoja aliandika: "Tuma za mama akiogelea."

"Mama yenu anaogelea tangu lini?" Mama Pacha alicheka aliposomewa.

Asubuhi moja, wakiwa wamekaa kwenye viti vya ufukweni, alimuuliza mumewe, "Bahari leo ina rangi gani kule mbali? Kwangu imechanganyika na mbingu."

Fundi alifungua simu, akaitafuta picha aliyoipiga dakika chache kabla. "Kijani," alisema. "Kijani, halafu buluu."

Mama Pacha aligeuza uso kumwelekea, akausogeza kidogo huku na huku mpaka akampata. Bahari ilikuwa mbele yao, hatua chache tu.

Siku hiyo hiyo alasiri alikubali kuingia majini. Alipandisha gauni magotini, akasogea kwa kupapasa mchanga na vidole vya miguu, na maji yalipomfikia alitoa kicheko ambacho fundi hakuwa amekisikia tangu siku ile ya hospitali. Fundi alirudi nyuma kinyumenyume, simu usoni. Ndani ya kioo cha simu mkewe alikuwa mwangavu, gauni la manjano, meno nje, kama msichana. Kushoto kwake maji yaliinuka.

Aliyaona. Aliyaona vizuri, yakikunja mgongo wake mweupe, na wazo lililompita kichwani lilikuwa kwamba picha itakuwa nzuri zaidi wimbi likiwa karibu. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Wimbi likampiga mkewe ubavuni, upande ambao kwake haukuwepo tena, likamwangusha kama nguo kutoka kambani.

Alipomfikia, Mama Pacha alikuwa amepiga magoti, anakohoa, mikono imetanuliwa mbele ikitafuta cha kushika. Watu wawili walikuja mbio kusaidia. Goti lilichunika, kilemba kikaenda na maji. "Nipo," aliwaambia. "Nipo, jamani, ni maji tu."

Chumbani fundi alimkalisha kitandani, akaliosha goti lile kwa taulo lililoloweshwa, akilipapasa kwa uangalifu kupita kiasi. Jua lilikuwa bado halijazama; pazia lilikuwa la rangi ya chai.

"Nionyeshe hiyo picha," mkewe alisema.

"Ipi?"

"Ya mwisho."

Alimpa simu. Mama Pacha aliiweka karibu na uso, akaipitisha taratibu mbele ya tundu lake dogo la kuonea, kama anavyokagua mshono: kwanza gauni, kisha kicheko, kisha akaendelea kushoto mpaka akasimama.

"Wimbi hili ulikuwa umeliona?"

Fundi alikunja taulo. "Nililiona."

"Kabla?"

"Kabla."

"Mbona hukuniita?"

Alitafuta jibu kama anavyotafuta hitilafu, akifuata waya baada ya waya, na kila mmoja ulimrudisha palepale. "Nilitaka ibaki," alisema hatimaye. "Ulikuwa unacheka. Nilitaka ibaki mahali."

"Ibaki kwa nani? Mimi hizo picha sitaziona."

Lilikuwa neno ambalo nyumba nzima ilikuwa imelizunguka kwa miezi, kama watu wanavyozunguka shimo barabarani. Alilitamka bila ukali. Fundi alijikuta ameketi sakafuni, mgongo umeegemea kitanda, karibu na mguu wake.

"Bahari ni nzuri," Mama Pacha aliendelea. "Sisemi si nzuri. Lakini ni wewe uliyewaambia watoto naitaka. Mimi hukuniuliza."

"Ulikuwa unataka nini?"

"Tangu tuje hapa, kila nikikutafuta nakuta simu. Nageuza kichwa, nahangaika mpaka nakupata, nakuta kimgongo cheusi na vidole vyako. Na nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Huniangalii, Baba Pacha. Tangu kwa daktari hunipi uso."

Ilikuwa kweli. Hakujua kwamba mkewe amegundua. Aliogopa kwamba akimtazama sana angeona siku ambayo macho yale yangemwelekea na kumpita.

Asubuhi iliyofuata fundi alitoa viti viwili barazani, akaviweka vikitazamana, magoti kwa magoti. Mama Pacha alimshika kidevu ili asimpoteze, akaanza. Alimtazama kipande kipande, kwa kuwa uso mzima haukumwenea tena: nyusi, pua, sikio moja, halafu la pili. Fundi hakujua mikono yake aiweke wapi. Nyuma yao, ndani ya chumba, simu ilitetemeka juu ya meza. Pacha walikuwa wameamka na walitaka picha. Hakuinuka.

"Una mvi kwenye nyusi," mkewe alisema. "Zimeanza lini?"

"Zamani kidogo."

"Na hapa pembeni mwa mdomo pamekunjamana. Kichwani nilikuwa nimekuweka kijana."

Fundi alijaribu kucheka. Kitu cha moto kilimshuka shavuni, na mkono wake ukainuka wenyewe kukifuta.

"Acha," Mama Pacha alisema, kidole chake bado kikiwa juu ya mdomo wa mumewe. "Bado sijafika hapo."

Fundi akaurudisha mkono gotini. Akatulia, akangoja macho ya mkewe yafike.