Ninamwogopa Baba Mkwe

Jina la baba mkwe wangu sitalitaja hapa, na usinishurutishe. Wapo mabinti wa siku hizi wanaowaita wakwe zao kwa majina, wanakaa nao sebuleni wanasikiliza mpira redioni. Hayo ni yao. Mimi niliolewa kijijini Ikolo kwa ng'ombe, na tangu siku ile sikuwahi kumtazama usoni mzazi wa mume wangu. Akitokea njiani, mimi naingia kwenye migomba. Akiwa ndani, mimi nipo nje. Hata neno lililofanana na jina lake nililikwepa nikatafuta jingine. Kwa Kinyakyusa tunaita ukutila. Na neno hilohilo ndilo tunalosema mtu akimwogopa chui. Kumheshimu mkwe na kuogopa, kwetu ni neno moja. Lishike hilo, maana ndilo lililotaka kuniulia mtu.

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, tulikuwa tumehamia mjini Kyela, Bondeni, kwenye kiwanja cha kupimiwa. Mume wangu, Andongwisye, alikuwa mtu wa kuvuka mpaka kwenda Karonga kuleta vitenge na sabuni. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili na sebule. Masika moja maji yakaingia Ikolo na yakagoma kutoka. Nyumba ya baba mkwe ilikuwa ya matofali mabichi. Ikanywa maji mpaka ikaketi chini. Mama mkwe alishatangulia zamani, na mtoto aliyebaki hai ni huyu mume wangu tu. Miguu ya mzee ilikuwa imevimba, hatembei bila kushikwa. Majirani wakamlaza jikoni kwao juu ya magunia. Andongwisye alipotoka kumwona alikaa kibarazani, chakula hakukigusa, na mimi nikamwambia kabla hajafungua mdomo: mlete.

Kumleta ni rahisi kusema. Atakaa wapi? Ndani kwetu njia ni moja, kutoka chumbani kwenda jikoni lazima upite sebuleni. Mzee akikaa humo, ama yeye afungiwe kama kuku, ama mimi nilale nje. Basi tukapanga kuongeza chumba kwa nyuma, kikiegemea ukuta wa nyumba, mlango wake uelekee migombani na usitobolewe mwingine wowote wa kuingilia kwetu. Hivyo angekuwa karibu, hata akikohoa tunamsikia, na mimi nisingemwona milele.

Andongwisye akapeleka ramani ofisi ya mipango miji kuomba kibali. Wakakataa. Sababu waliandika waziwazi: chumba kisicho na mlango wa kuingilia ndani ya nyumba si chumba cha kuishi, ni fremu ya duka, na kiwanja hiki ni cha makazi. Toboeni mlango wa ndani, kisha mlete ramani upya. Siwezi kuwalaumu sana. Siku zile watu walikuwa wanaomba chumba cha watoto, ukipita kesho yake unakuta sigara na soda zimepangwa dirishani. Mkubwa wa mambo hayo tulimwita Bwana Mipango, kijana nadhifu aliyetoka Singida, na alishachoka kudanganywa.

Nikamwambia mume wangu aende akaeleze. Alinitazama kama nimemwambia avue nguo sokoni. Atasimamaje mbele ya wageni aanze kusimulia habari za baba yake na mkewe? Tutajenga, alisema, wakishaona kimesimama watazoea. Wanaume bwana! Yeye akishasema watazoea, kwake limekwisha, anayebaki kuchungulia dirishani ni mimi.

Fundi akaja, kuta zikapanda, bati likapigwa. Siku mzee alipoletwa nilijificha kwa jirani yangu Naomi mpaka nilipoambiwa ameshaingia. Watoto ndio waliompelekea chakula na maji. Mimi nilikuwa namjua kwa kikohozi tu, na kwa jinsi alivyokuwa akisali kwa sauti asubuhi, akitutaja mmoja mmoja. Mimi alinitaja kama "mama wa wajukuu zangu". Nilikuwa nasikiliza huku nakuna nazi, machozi yananilenga. Halafu baiskeli ikisimama nje, moyo paa! Nadhani ndio wao.

Wakaja kweli, Andongwisye akiwa Karonga. Wakapiga X nyekundu kwenye ukuta wa nyuma na chini yake wakaandika BOMOA. Mwisho Ijumaa. Mzee aliwauliza watoto ni nini kinapakwa, nami nikawafundisha waseme ni alama ya wapuliza dawa ya mbu. Usiku sikupata usingizi. Kila nikifumba macho naona ukuta unamwangukia mgonjwa, au yuko nje kwenye mvua na miguu ile, na mimi mke wa mwanawe hata kumshika mkono siruhusiwi. Alimradi niliogopa mpaka nikaanza kuogopa kuogopa kwangu. Kulipokucha nikajifunga kitenge kizuri nikaenda ofisini mwenyewe.

Bwana Mipango hakuwa mtu mbaya. Aliniuliza taratibu: mama, kuna ugumu gani kutoboa mlango wa ndani? Kama mnayemweka humo ni mzee wenu kweli, kwa nini mnamzibia asiingie kwenu? Hapo ndipo nilipotafuta neno. Kiswahili changu ni cha sokoni na cha kanisani, kinanitosha. Nikachukua lile la kwetu nikaligeuza, kama mtu yeyote angefanya.

"Ninamwogopa baba mkwe," nikasema.

Akaweka kalamu chini. "Unamwogopa?"

"Sana. Tangu nilipoolewa."

"Akiingia ndani inakuwaje?"

"Mimi siwezi kukaa humo. Natoka mbio. Ndiyo maana tukamtenga huko nyuma."

Aliinuka akafunga mlango wa ofisi, akanisogezea kiti. Aliuliza kama mume wangu anajua. Nikamwambia anajua, ukoo mzima unajua, wala hakuna anayenionea ajabu. Akatikisa kichwa kwa huruma nyingi. Akasema ningesema mapema, kwamba hili sasa si suala la ramani tena, na kwamba nirudi nyumbani nikae kwa amani, Ijumaa atakuja mwenyewe kulimaliza. Mimi huyo, nikarudi ninaimba pambio njia nzima. Nikawaza, kumbe ukimweleza mtu vizuri anaelewa.

Ijumaa mtaa ulikuwa mtupu. Kulikuwa na msiba Ngonga na watu wote walikwenda kuzika, Naomi akiwamo. Watoto walikuwa shuleni. Nilibaki kwa ajili ya mzee. Mchana nikamwona Bwana Mipango anaingia uwanjani na askari wawili, sura ngeni, watu waliokuja na uhamisho. Nikaangalia mikono yao: hawana nyundo, hawana mtaimbo. Nikashukuru Mungu. Bwana Mipango akaniambia kwa sauti ya chini niingie ndani nikae, nisiogope tena, leo wanamwondoa.

Nikauliza wanamwondoa nani. Askari walishazunguka nyuma ya nyumba.

Jamani, kuna hofu inayokupandia taratibu, na kuna ile inayokuja yote kwa mkupuo. Nikashika ukuta. Nilijikokota mpaka kwenye kona ya nyumba, nikasimama upande huu, wao upande ule, nikawa nasikia kila neno. Askari mmoja alimsalimia mzee vizuri tu. Halafu akamuuliza kama ni kweli mke wa mwanawe anamwogopa. Na baba mkwe wangu, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa habari za ng'ombe wake wazuri, akajibu kwa Kiswahili chake cha taabu.

"Ananiogopa sana. Hata kivuli changu anakikimbia. Wa kuogopa kama yule siku hizi hakuna."

"Umesikia mwenyewe," askari akamwambia Bwana Mipango. "Wala haoni haya."

Wakasema wanampeleka kituoni akaandike maelezo, kisha wamrudishe kijijini kwake. Kijijini wapi, penye maji? Na kituoni angelala wapi mtu yule, kwenye sakafu ya saruji? Mzee wa umri wake akilala humo siku mbili, ya tatu tunamwimbia nyimbo za kaburini. Nikasikia fimbo yake inaanguka. Nikamsikia anauliza kwa Kinyakyusa wanampeleka wapi, na mtoto wake yuko wapi, na hakuna aliyemwelewa.

Nilipiga kelele nikiwa palepale konani. Nikawaambia wamwache, siyo hivyo, mzee hana kosa. Bwana Mipango akanijibu nisiogope, hawezi kunifanya kitu sasa. Nikasema ni heshima, huko kuogopa ni heshima! Askari akasema wanawake wote wanaopigwa husema hivyohivyo, ni heshima. Utamjibu nini mtu kama huyo? Kila neno nililolitoa lilizidi kumfunga yule mzee. Nikatambua kwamba nisipotoka nikaonekana, anakwenda.

Sitaki mtu aniambie lilikuwa jambo dogo. Nililelewa nikiambiwa anayemkabili mkwe wake anajitafutia balaa, tumbo lake litafunga asizae tena, watoto wake watadhoofika. Niliwafikiria wanangu. Nikavuta kitenge nikajifunika kichwa, nikapita kona.

Nikamwona. Miaka yote ile nilikuwa nimemtengeneza moyoni mtu mkubwa, wa kutisha. Alikuwa mzee mfupi mwenye masikio ya Andongwisye, amening'inia katikati ya askari wawili, miguu imevimba kama mihogo iliyolowekwa. Na macho alikuwa ameyafumba, ameyabana kwa nguvu mpaka uso wote umekunjamana. Alishasikia nyayo zangu. Alikuwa anang'ang'ana kuutoa mkono wake mmoja, anauvuta, anauvuta, na askari aliyeushika akadhani anataka kunipiga. Akainua kirungu.

"Mwachie mkono!" nikasema. Nilikuwa nimeshafika, niko kati ya kirungu na kichwa cha mkwe wangu, na kitenge kilikuwa kimedondoka. "Mwachie mkono wake, umwone anaupeleka wapi."

Askari hakuachia. Alimtazama Bwana Mipango. Bwana Mipango akamwambia aachie.

Mkono ulikwenda moja kwa moja usoni pake. Akajifunika macho kwa kiganja, vidole vimebanana, na kwa kuwa macho yameshafumbwa chini yake, akawa amejifunika mara mbili. Kisha akageuka aelekee ukutani, polepole, akiburuza miguu, akaegemeza paji la uso kwenye ule ukuta wenye X. Nami nikamgeuzia mgongo. Tukasimama hivyo, yeye anatazama tofali, mimi natazama migomba. Mvua ndogo ilikuwa imeanza.

"Huku ndiko kuogopa kwetu," nikamwambia Bwana Mipango. Nilikuwa nalia, na hasira juu. "Mimi namwogopa yeye, na yeye ananiogopa mimi. Kama nyinyi mna neno jingine, nifundishe, niliseme hilo."

Alivua kofia akaifuta mvua, akaivaa tena. Akawaambia askari wamkalishe mzee ndani kwenye mkeka wake, taratibu, na wasimguse miguu. Akauliza kama huo mlango wa migombani ndio sababu yake hii tuliyoiona, hakuna duka. Nikamwambia duka la nini, mtu hawezi hata kusimama. Akasema basi mume wangu akirudi aje ofisini, aeleze jambo lenyewe kama lilivyo, hata kama anaona aibu, na yeye atapitisha mlango ubaki ulipo. Mpaka hapo hakuna atakayebomoa. Alitaka kumwomba radhi mzee, akaona amegeukia ukutani, akaishia kukohoa. Wakaondoka.

Mimi nilibaki nimesimama mlangoni pake, mgongo ndani, uso nje. Nilijua natakiwa kuondoka. Lakini niliogopa kwamba nikipiga hatua, yeye atasema neno la kunilaani, na ningestahili. Nikasubiri hilo neno.

"Wamekwenda?" akauliza kwa Kinyakyusa. Tangu niolewe hakuwahi kunisemesha.

"Wamekwenda, tata," nikajibu, kama tunavyomwita baba kwetu.

Nilimsikia anavuta pumzi, anaishusha.

"Ndaga, mwanangu," akasema, yaani asante. "Sasa nenda na wewe, nifumbue macho."