Pengo Kwenye Kona ya Kitabu

"Hili ni pengo langu," Maren alisema.

Alikuwa amebandua karatasi ya maua iliyofunika kitabu na kuweka kidole kwenye kona ya juu. Kona ilikuwa imetafunwa. Meno yalikuwa yameacha alama mbili pana, na kati yake sehemu ndogo ambayo haikuguswa. Nilitazama kona, kisha nikatazama kinywa cha binti yangu, ambako jino jipya la mbele lilikuwa limekwisha kuota, kubwa kuliko wenzake. Kitabu kilikuwa kimelihifadhi pengo ambalo kinywa kilikuwa kimelisahau.

Tulikuwa katika ukumbi wa chini wa kanisa la Kilutheri, ambako kila Juni akina mama wa wilaya yetu wanaosomesha watoto wao nyumbani huuziana vitabu. Kitabu hicho, *Ngazi ya Sentensi*, nilikuwa nimekiuza mwenyewe mwaka uliotangulia, kwenye meza ileile ya tatu kutoka jikoni. Aliyekinunua alikivika karatasi ya maua ya buluu. Sasa nilikuwa nimekinunua tena bila kukitambua, kwa furaha ya mtu aliyepata kile alichokitafuta kwa muda mrefu.

Joelle, rafiki yangu wa meza ya jirani, aliinamia kona ile akaipapasa.

"Shoga, usiniambie."

"Nimeshakwambia nini?"

"Umeng'oa mlango wako mwenyewe ukaenda kuununua sokoni." Alicheka mpaka akakalia kiti. "Haya, angalau unamjua mwenye nacho wa kwanza. Mtu safi. Ana mbwa tu."

"Si mbwa," Maren alinong'ona nyuma ya mgongo wangu. Kwa wengine hakusema neno.

Nilicheka kwa sababu meza zote za karibu zilikuwa zikicheka, na kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kuufanyia uso wangu.

Kwetu sisi kuna desturi ambayo hakuna aliyeianzisha. Kabla ya mauzo, mama huketi na raba akafuta kila alama ya penseli ya mtoto wake, ili kitabu kimfae mwingine. Ukifungua kitabu chochote cha kuandika juu ya meza zile, kurasa za mwanzo ni laini kwa kufutwafutwa, na zinazofuata ni ngumu, bado zinashikana kingo. Sote tulijua maana yake. Sote tuliendelea kununua.

*

Maren alikwenda darasa la kwanza akiwa mtoto wa maneno mengi. Alizungumza akioga, akila, akifungwa viatu. Alikuwa na hadithi ya kuku aitwaye Bibi Gavana ambaye aligombea uongozi wa banda na kushindwa na bata. Mpaka theluji ilipoanza kuanguka, alikuwa ameacha kuzungumza shuleni. Hakuwa mkaidi. Mwalimu, kijana mpole aliyechoka, alituambia kwamba Maren hunyanyua kichwa akiitwa, hufungua mdomo, kisha huufunga. Baadaye ukimya ule ulipanda basi la njano pamoja naye ukaja hadi nyumbani. Jioni moja nilimuuliza Bibi Gavana anaendeleaje, naye akainua mabega.

Tulimtoa shule majira ya kuchipua. Curtis, mume wangu, ni fundi wa mabomba ya joto, mtu asiyependa kubahatisha, lakini safari hiyo hakubisha. Maneno yalirudi taratibu. Kwanza yalirudi bafuni, kisha mezani, kisha kwenye kiti cha nyuma cha gari. Siku Bibi Gavana alipotangaza kuwa atagombea tena, nilisimamisha gari pembeni ya barabara ili nisikilize vizuri.

Kwa hiyo sikuwa na wasiwasi kuhusu kuandika. Niliamini kwamba mtu mwenye maneno mengi kiasi hicho angehitaji penseli tu.

*Ngazi ya Sentensi* kilikuja Agosti, Siku ya Sanduku. Hiyo ndiyo siku ambayo vitabu vya mwaka hufika, na kila familia ya aina yetu humpiga mtoto picha akiwa amekaa juu ya sanduku kabla halijafunguliwa. Katika picha ile Maren anacheka, na pengo linaonekana. Mtaala ulikuwa wa mpangilio mzuri, na mimi napenda mpangilio. Mtoto husoma aya fupi, huchagua maneno matatu kutoka kila sentensi, hufunika aya, kisha huijenga upya kwa maneno yake. Maren alichagua maneno vizuri sana. Alifunika aya. Halafu alishika penseli, akaiweka ncha yake juu ya mstari, na hapo safari ikaishia. Hakulia. Aliinama polepole, kama mtu anayesinzia, akaiuma kona ya kitabu.

Mwaka uliofuata nilichagua njia nyingine kabisa, ya kunakili. Mtoto hunakili sentensi nzuri za watu wengine hadi mkono uzoee. Maren alinakili kwa mwandiko ambao ungeweza kuuweka kwenye kadi ya harusi. Nilipomwambia sasa aandike sentensi moja ya kwake, hata fupi, hata mbaya, aliniuliza, "Ya nani?"

"Ya kwako."

"Siwezi kunakili moja zaidi badala yake?"

Ndipo siku moja, tukimenya tufaha, nilimuuliza moja kwa moja inakuwaje. Ganda la tufaha lilikuwa limemning'inia mkononi, refu, halijakatika.

"Nikisema neno, linaondoka," alisema. "Nikiandika, linabaki pale linanitazama."

Wiki zilizofuata nilipitia faharasa za mitaala yote niliyoweza kuazima. Kulikuwa na sura za nomino na sura za aya. Kulikuwa na sura za mtoto asiyependa kuandika, mtoto mwenye mkono mzito, mtoto mwenye haraka. Hakuna aliyekuwa ameandika sura kuhusu neno linalobaki likikutazama.

*

Baada ya mauzo yale ya karatasi ya maua, Curtis alikishika kitabu, akakigeuza, akaliona pengo.

"Tunacho tena?"

"Tulikianza mapema mno," nilisema. "Sasa amekua."

Alikwenda akanawa kwanza, kwa sababu hawezi kusema jambo zito akiwa na mikono michafu. Kisha akasema, kwa upole ambao ulinifanya nishindwe kukasirika, "Mpaka Mei, mpenzi. Ukurasa mmoja. Maneno yake, mkono wake. Ukipatikana, sitauliza tena. Usipopatikana, Septemba anarudi shule. Wao wana watu waliosomea haya."

"Wana watu waliomnyamazisha."

"Najua. Lakini mimi na wewe hatuna mtu hata mmoja."

Nilikuwa na shahada ya ualimu ambayo sikuwahi kuitumia darasani, rafu mbili za mitaala, na mtoto aliyekuwa, dakika hiyohiyo, ghorofani, akimhutubia paka kwa sauti ya mgombea. Nilikubali Mei.

Majira yote ya baridi tulipanda ile ngazi. Aya, maneno matatu, funika. Nilijaribu kuwasha mshumaa. Nilijaribu kuondoka chumbani. Nilimpa chaki, nikampa kalamu ya wino wa dhahabu, nikampa taipureta ya babu yake, ambayo aliipenda sana, akaandika nayo alfabeti nzima, tena na tena, bila kosa. Joelle aliniazima mtaala wake. Yeye ana wana wanne wanaoandika kama wanavyotema mate, bila kufikiri. "Waachie tu," aliniambia. Nilimwachia Maren tu. Alikaa mbele ya karatasi nyeupe asubuhi nzima, kwa adabu, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari.

Wakati huo nilikuwa nikiandika mimi. Yeye alisema, mimi nikaandika: kampeni ya pili ya Bibi Gavana, hila za bata, kura zilizohesabiwa na panya asiyejua kuhesabu. Sikubadilisha neno. Bunda lilikua nene. Wakati mwingine alikuja akasimama nyuma ya kiti changu, akayatazama maneno yake katika mwandiko wangu, nami nilihisi akipumua. Nilimnyooshea kalamu bila kugeuka. Pumzi iliondoka.

*

Pennsylvania haimwachi mzazi afanye apendavyo. Kila Mei mkaguzi tuliyemchagua wenyewe huja kuzungumza na mtoto na kutazama kazi zake, na sheria inataja maandishi. Mkaguzi wetu alikuwa Bi. Hostetter, mwalimu mstaafu mwenye mikono mikubwa na sauti ya chini. Nilimwekea kahawa na pai ya molasi. Nilimwekea pia bunda.

Alisoma kurasa kadhaa bila haraka. Mahali pa panya alicheka.

"Huu mwandiko ni wako, mama."

"Maneno ni yake."

"Naamini. Tatizo ni kwamba sheria haiulizi naamini nini." Alimgeukia Maren. "Binti, hebu nisimulie mwenyewe. Bata alishindaje?"

Nilimtazama mwanangu akinyanyua kichwa. Nilimwona akifungua mdomo. Nilijua jibu, neno kwa neno, na nilijua kwamba nikilisema mimi nitakuwa nimemwibia. Mikono yangu ilikuwa mapajani. Saa ya jikoni ilifanya kazi yake. Kisha mdomo ulifungwa, na Maren akaanza kuitazama pai yake kama kitu kilichoko mbali.

"Si neno, mpenzi," alisema Bi. Hostetter.

Alitia sahihi mwaka ule. Hesabu zilikuwa nzuri, na Maren alikuwa akisoma vitabu vya watoto waliomzidi umri. Mlangoni, akivaa koti, aliuliza ni mtaala gani tunaotumia kwa kuandika. Nilimtajia.

"Huo ni mzuri sana," alisema. Nilitamani angesema ni mbaya.

Jioni hiyo Curtis aliosha vyombo vyote peke yake. Hivyo nilijua.

Septemba Maren alirudi shule. Walikuwa na mtu aliyesomea haya, kama Curtis alivyosema, mwanamke aliyeketi naye katika chumba kidogo kila wiki. Mwalimu wa darasa hakuisikia sauti yake hadi mwaka mpya ulipoanza. Siwezi kusema shule ilimponya, wala siwezi kusema ilimdhuru. Leo ni mtu mzima. Anafanya kazi katika shamba la farasi huko Ohio, na hunitumia ujumbe wa sauti mrefu kiasi kwamba naweza kupika chakula cha jioni nikimsikiliza. Hajawahi kunitumia ujumbe wa maandishi unaozidi "sawa." Mimi humjibu kwa kuandika. Sijui kama ni mazoea au ni mkono niliomnyooshea zamani, ambao bado sijaurudisha.

Lakini kabla ya Septemba kulikuwa na Juni, na mimi humkumbuka Maren zaidi kwa Juni ile.

*

Nilikuwa nimepanga mitaala yote juu ya meza ya tatu kutoka jikoni. Nilikuwa nimeifuta kwa raba, nikakung'uta vumbi lake. *Ngazi ya Sentensi* nilikivua karatasi ya maua, kwa sababu ilikuwa imechakaa. Maren alikaa kwenye kiti kando yangu, akining'iniza miguu, kimya kwa sababu ukumbi ulijaa wageni.

Mama kijana alikuja akiwa amemshika mvulana mkono. Alikuwa na ule uso. Tuliokuwa wakongwe tuliujua tangu mlangoni: macho yanayopita juu ya vitabu vyote kwa haraka, yakitafuta kimoja. Alikiokota *Ngazi ya Sentensi*, akakifungua mwanzoni, akapapasa ukurasa.

"Samahani, dada. Hiki kinafaa?"

Ulikuwa mwaka wangu wa tatu kuulizwa swali hilo na watu mbalimbali, nikiwemo mimi mwenyewe. Mvulana alikuwa amejificha nyuma ya sketi ya mama yake. Nilifikiri kumwambia yote. Nilifikiri kumwambia aende nyumbani. Nilimtazama akiwa amekishika kitabu kwa mikono miwili, nikaona kwamba lolote nitakalosema atakinunua.

"Kurasa za mwanzo ni nzuri," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa, kwa shukrani, kana kwamba nimemwambia jambo kubwa. Kisha kidole chake kilifika kwenye kona.

"Mnafuga mbwa?"

Nilifungua mdomo nimjibu.

"Ni mimi," Maren alisema.

Alisema kwa sauti ya kawaida, sauti ya bafuni na ya kiti cha nyuma cha gari. Sikugeuka. Niliogopa kugeuka. Mama kijana alicheka kidogo, akanilipa, akamkabidhi mwanawe kitabu akibebe. Mvulana alikishika kifuani, akaichunguza ile kona, akaweka kidole kwenye pengo, akamtazama Maren.

Maren aliinama kwenye kiti chake, akakigeuza kitabu kidogo mikononi mwa yule mtoto, akamwonyesha.

"Hii kona ya chini bado nzima," alimwambia.