Gogo la Gunvor

Lilikuwa jani moja tu, lakini lilikuwa limejikunja ncha na kugeuka manjano katikati ya Julai, na Torgny aliliona kutoka mbali, toroli bado mkononi. Chini ya mti huo watalii walikuwa wamejilaza kwenye nyasi, wanakula aiskrimu na kuupiga picha ukuta wa kale wa Visby, mji wa kisiwani. Wao waliona kivuli kizuri. Yeye, aliyetunza bustani za mji ule miaka thelathini na moja, aliona maiti iliyosimama.

Ulikuwa mti wa almu, mkubwa kuliko wenzake sita waliopangana naye kando ya ukuta, na watu waliuita Bibi. Almu nyingine zote za mjini zilishakwisha: za bustani ya bandarini, za nyuma ya magofu ya kanisa, za nje ya lango la kusini. Torgny ndiye aliyezikata, moja baada ya nyingine. Ugonjwa wa miti hii huletwa na vidudu vidogo kama punje ya mchele, vinavyozaliana chini ya gome la mti uliokufa. Ndiyo maana sheria haina huruma: ukikata almu, kila gogo lenye gome lichomwe kabla Aprili haijaisha, kabla vidudu havijaota mbawa. Kila mtoto wa kisiwa kile anaijua sheria hiyo, na wengi waliijua kwa kufokewa na Torgny.

Annelie, mkaguzi wa miti, alifika baada ya chakula cha mchana. Akapanda ngazi, akakata kijiti, akakimenya kwa kisu. Chini ya gome kulikuwa na mstari wa kahawia.

"Pole, mzee," alisema.

"Yote saba?"

"Mizizi imeshikana huko chini. Wewe si ndiye uliyenifundisha hayo?"

Torgny alitazama viatu vyake.

"Vidudu havikutoka mbali," Annelie aliendelea huku akifuta kisu. "Kuna mtu hapa karibu ana kuni za almu. Tuanze kwa yule mzee jirani yako, Birger."

"Na kwangu je?"

"Kwako! Acha masihara. Kumkagua Torgny ni sawa na kumvizia padri usiku uone kama anasali."

Akacheka. Torgny naye akajaribu kucheka, lo, sura ikamkatalia.

Nisimsingizie Torgny kwamba aliisahau sheria. Hakusahau hata siku moja. Februari ya mwaka uliopita alikata almu ya uani kwake, mti uliopandwa na babu yake Gunvor, mkewe. Alichoma kila kitu isipokuwa gogo moja. Gunvor ndiye aliyeliomba. "Niachie hili nilikalie," alisema. "Mpaka bustanini sifiki tena." Kweli hakufika. Kiangazi chote hicho, kansa ikimla, aliketi juu ya gogo lile mbele ya banda la kuni, anamenya njegere, mkono mmoja ukisugua gome pembeni mpaka likalainika. Oktoba akafa. Mara mbili Torgny alichukua panga ili alibandue gome, na mara mbili akalirudisha panga mahali pake. Atabanduaje pale mkono wa mkewe ulipokaa? Akajiambia gogo ni moja, tena limekauka, litamdhuru nani? Akalifunika kwa blanketi la sufu. Mganga hajigangi, na huyu mganga alikuwa na kiburi pia.

Nyumba ya Birger ilikuwa ng'ambo ya kijia, mkabala na ya Torgny. Alikuwa kuli wa bandarini zamani, sasa ana miaka themanini na miwili. Miaka minane nyuma Torgny alimkuta na rundo la kuni za almu, akamfokea penye foleni ya mkate, watu wote wakisikia: "Umeua miti ya mji mzima ili apate joto mtu mmoja!" Tangu siku ile majirani wakawa wanamsalimu Birger nusunusu, na salamu ya nusu ni mbaya kuliko tusi.

"Ingieni, kahawa ipo," Birger alisema mlangoni.

"Hatukuja kunywa kahawa," Annelie akamjibu.

"Najua. Kwangu hawaji watu kunywa kahawa."

Walipekua banda lake. Kuni zilikuwa safi, zimepangwa vizuri, hakuna hata kipande cha almu. Lakini kwenye kona palisimama nguzo ya zamani yenye gome lililochanika. Annelie akaigeuzageuza.

"Huu mti gani?"

Birger akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa. "Macho yangu hayaoni tena, mama. Muulize yeye." Akamgeukia Torgny. "Labda ni mimi. Nazeeka, nasahau mambo. Torgny akisema ni mimi, basi ni mimi. Mara ile alisema kweli."

Hapo ndipo Torgny alipoona aibu ya maisha yake yote. Ilitosha anyamaze tu, asitie neno hata moja, na jina lake lingebaki safi mpaka kaburini, na gogo angelichoma kesho kimyakimya. Wala hakuna ambaye angeshangaa. Mzee wa watu alikuwa amekwisha kuinamisha kichwa, anasubiri kufokewa.

"Huo ni mtufaha," Torgny alisema. "Twendeni kwangu. Ni mimi."

"Wewe nini?" Annelie aliuliza.

"Vidudu vimetoka kwangu. Nina gogo."

Walivuka kijia, Birger nyuma na fimbo yake, maana hakuna aliyemwambia abaki. Torgny akaliondoa blanketi. Gome lote lilikuwa limetobolewa, matundu madogo ya duara, mamia, yametapakaa kila upande. Annelie akatia kidole chini ya ukingo na gome likafumuka lenyewe, chini yake njia za vidudu zimechorwa kama mbavu za samaki.

"Jamani, Torgny," alisema. "Kwa nini?"

"Gunvor alikuwa anakalia."

Annelie akageuza uso upande wa ukuta. Birger aliliinamia gogo.

"Mimi nilikuwa nasikia baridi tu, mwaka ule," alisema polepole.

"Birger, nisamehe."

"Nikusamehe nini sasa? Mimi nimeshazoea." Akageuka na kurudi kwake, fimbo ikigonga mawe, na mlango ukafungwa.

Annelie alisema miti yote saba lazima iwe chini kufikia Ijumaa. Aliuliza kama atafute mtu mwingine wa kuikata. Torgny akasema hapana, atakata mwenyewe, na ataanza na Bibi.

Akainama kulibeba gogo. Palepale mkono wa Gunvor ulipolainisha gome, kipande kikamvunjikia viganjani. Kutoka kwenye tundu moja kikajitokeza kidudu cheusi, kimeachwa nyuma na wenzake, kikatingisha mbawa. Torgny alikipiga kwa kiganja, akapiga gogo tupu. Kidudu kilishapaa, kikapita juu ya watalii na juu ya ukuta, kikaelekea mashambani, kwenye almu ambazo zilikuwa bado hazijaugua.