Uso Bila Poda

"Mikono chini, mwenzangu! Ukijikuna ndiyo unaongeza," mpambaji alisema.

Msomaji habari alishusha mikono, machozi yakimlengalenga. Vipele vilikuwa vimemtapakaa mashavuni kama mtama uliomwagwa. Ni ile poda mpya ya kituo cha televisheni. Mpambaji alikuwa ameigusisha tu usoni pake, akaifuta mbio alipoona ngozi inawaka.

Mlango ukasukumwa. Mkuu wa matangazo akachungulia.

"Tunakwenda hewani sasa hivi. Ongeza poda, vifunike hivyo vipele."

"Poda ndiyo iliyomuunguza, bosi."

"Basi naweka mtu mwingine kitini."

Msomaji habari aliinamisha kichwa. Kiti hicho alikisubiri tangu alipoajiriwa, na leo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kukikalia.

"Atasoma yeye," mpambaji alisema, bila hata kugeuka. "Mashavuni sipaki kitu. Yakizuka maneno, niulizwe mimi."

Alimwosha uso kwa maji baridi, akamkausha kwa kumgusagusa na taulo. Akamchora nyusi. Kisha akatoa mkobani kikopo cha mafuta ya midomo aliyoyapika mwenyewe nyumbani, kwa nazi, nta ya nyuki na bitiruti ya kuyatia wekundu. Mumewe humtania kwamba ipo siku atayakaangia mayai. Alimpaka kidogo nyuma ya sikio, wakasubiri. Hayakuwasha. Ndipo akampaka midomoni.

"Nitazame. Hujaajiriwa kwa mashavu. Nenda ukasome."

Akasoma, na sauti haikutetereka. Kabla taarifa haijaisha, simu za kituo zilikuwa zinalia. Wapo waliofoka. Lakini wengi walikuwa wanawake, na walitaka kujua yule dada mwenye vipele kama vyao amepaka nini midomoni, na kinapatikana wapi.

Mpambaji hakungoja kubembelezwa. Alianza kuwapikia. Jiko likawa dogo, na mama mkwe akalalamika kwamba sufuria zake zimetekwa nyara. Siku moja akanyakua mwiko. "Nipishe, mwanangu. Wewe unakoroga kama unafukuza nzi." Tangu hapo hakuna aliyethubutu kumnyang'anya.

Baada ya mafuta ya midomo wakatengeneza ya ngozi. Baada ya jikoni wakapanga chumba kilichoachwa na fundi cherehani, na mpambaji akaaga kazi. Huko ndiko mkuu wa matangazo alikomfuata, akasimama mlangoni akinusanusa.

"Rudi kazini, dada. Wasomaji wangu wote wanakutaka wewe."

"Nimewasikia. Waambie waje hapa."

"Kwani siwezi kukushawishi?"

"Huwezi," alidakia mama mkwe. "Na ukishika hicho kitasa, futa mikono kwanza."

Mkuu alicheka, akaondoka na kikopo kimoja cha kumpelekea mkewe.

Mpambaji alizima jiko, akamimina mafuta ya moto kwenye vikopo vilivyopangwa mezani. Yalikuwa maangavu, unaona mpaka chini. Kisha kikopo cha pembeni kikaanza kuganda na kupauka polepole, kutoka ukingoni kuelekea katikati, na cha pili yake kikafuata. Mama mkwe akaweka mwiko chini. Wakasimama bega kwa bega, wakitazama.